Shajara ya mradi wa vichanja: turubai ni ya nani?

Jumamosi, 17 Agosti 2024

Ziwa limefunguliwa juzi. Kwa miezi mitatu, tangu 15 Mei hadi 15 Agosti, Ziwa Tanganyika lilipumzishwa uvuvi, huku kwetu Kigoma na kwa majirani zetu wa Burundi, Kongo na Zambia, ili samaki wapate kuzaliana. Mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, watu wanashona nyavu na kuchaji betri za taa, lakini hakuna mwenye haraka ya kweli. Keshokutwa mwezi unapevuka, na penye mbalamwezi dagaa hawaifuati taa. Giza litaingia wiki ijayo. Kwa hiyo nimepata siku chache za utulivu za kuandika hali ya mradi kama ilivyo.

Mpango ulisema vichanja 24 vya kuanikia dagaa viwe vimesimama kabla ziwa halijafunguliwa. Leo asubuhi nimevipitia kimoja kimoja na kuvishika kwa mkono: 11. Nguzo za mikaratusi zimelala pale tangu Juni. Wavu wa chuma upo, tena umezidi, maana umenunuliwa mara mbili. Mweka Hazina alinunua mabunda sita mjini, na siku mbili baadaye Mama Mwenyekiti, akijua kazi ile ni yake, akachukua mengine sita kwa mkopo kwenye duka moja la Mwanga, hapa hapa Kigoma. Misumari ya inchi nne haikununuliwa na mtu yeyote. Kaka Fundi amekaa wiki mbili na nusu bila kugonga kitu, na nauli yake ya kuja mwaloni tumelipa.

Nimerudi kwenye muhtasari wa kikao cha Juni kutafuta nani alipewa nini. Muhtasari huo niliuandika mimi mwenyewe. Unasema: "Wajumbe walikubaliana vifaa vinunuliwe mapema." Nimeusoma mara tatu. Vinunuliwe na nani? Hakuna. Ukurasa mzima umejaa maneno ya namna hiyo: vichanja vijengwe, ulinzi uimarishwe, mnunuzi atafutwe. Na pale palipotajwa mtu, ni "tutafuatilia", "tutasimamia". Hiyo tu- imebeba watu 24 na huwezi kumshika mkono hata mmoja.

Niandike pia sisi ni nani, kwa ajili ya atakayeipokea shajara hii baada yangu. Kikundi kina akina mama wachakataji 18 na vijana 6 wa kubeba na kulinda. Mama Mwenyekiti anatuongoza. Mweka Hazina anashika fedha. Mama Mizani, ambaye jina lake hilo limemkaa kuliko la kuzaliwa, anapima. Dada wa Ghala anashika ufunguo wa banda. Mimi ni mratibu. Kaka Fundi si mwanachama; tunamlipa kwa kichanja. Nje yetu kuna wazee wa BMU, yaani kikundi kinachosimamia rasilimali za uvuvi hapa mwaloni pamoja na serikali, kuna afisa uvuvi, afisa maendeleo ya jamii wa kata, na mwenyekiti wa mtaa.

Kwa nini vichanja? Dagaa aliyeanikwa mchangani analiwa na mchanga mdomoni, kila mtu anajua. Kuku wanapita, mbuzi wanapita. Juu ya wavu, kimo cha kiuno, upepo unapita juu na chini, na jua likiwa zuri dagaa wa asubuhi wanakauka siku hiyo hiyo. Mwaka huu tena ziwa lilipanda likala ufukwe wetu, ule mchanga tuliokuwa tukianika umebaki ukanda mwembamba. Imebidi tupande mteremkoni, na mteremkoni huwezi kuanika chini.

Jumanne, 27 Agosti

Misumari imenunuliwa. Nimeinunua mimi. Vichanja vimefika 15. Giza limeingia na mitumbwi imeanza kutoka jioni. Ukisimama juu ya kilima usiku unaona taa zimejipanga majini kama mtaa. Dagaa bado wachache, ila mgebuka, samaki mwingine wa ziwa hili, wa kutosha.

Jumamosi, 7 Septemba

Leo tumepoteza mnunuzi na nataka iandikwe ilivyokuwa.

Alifika na gari saa moja asubuhi, anapeleka Tabora, anataka magunia tisa. Magunia tisa yalikuwemo ndani ya banda, yamekauka vizuri, yamefungwa. Ufunguo ulikuwa Kasulu. Dada wa Ghala alifiwa na baba yake mdogo, akaondoka jana alfajiri, na ufunguo ukaenda naye kwenye mkoba kama unavyoenda siku zote. Hana kosa. Msiba ni msiba, na sisi hatukuwahi kumwambia kwamba akisafiri ufunguo amwachie nani.

Tungeweza kukata kufuli. Kaka Fundi alikuwa pale na msumeno wa chuma mkononi, anasubiri neno. Nikamtazama Mama Mwenyekiti. Akasema, "Mali ni ya hazina, muulize Mweka Hazina." Mweka Hazina akasema, "Mimi nashika fedha, magunia siyashiki. Mratibu aseme." Nami nikasema kikao kiamue. Saa tatu tukaanza kupigiana simu kukusanya watu. Saa nne yule bwana akawasha gari, akaenda mwalo wa jirani.

Nimekaa na neno langu hilo siku nzima. Kikao kiamue. Kufuli lenyewe ni la bei ndogo kuliko faida ya gunia moja. Nilikuwa na akili ya kuamua, na pengine kila mtu angekubali, lakini sikujua kama ni haki yangu kuamua, na kwa kuwa sikujua nikajificha nyuma ya kikao. Najua wenzangu wawili nao walifanya vilevile kwa sababu hiyo hiyo. Hakuna mvivu kati yetu watatu.

Jumatatu, 30 Septemba

Mvua ya kwanza. Imetukuta na dagaa juu ya vichanja 17.

Nianze na asubuhi. Keshokutwa ni mwezi mchanga, giza limekolea, mitumbwi imerudi imeshiba. Saa moja tulipokea mabeseni 31, kiasi ambacho hatujawahi kupokea kwa siku moja tangu tuanze. Akina mama waliosha, wakatandaza, saa tatu kazi ilikuwa imekwisha na wavu umegeuka fedha kutoka juu ya mteremko mpaka chini. Saa saba nilipita nikachukua mmoja nikamvunja: mgongo unakatika, tumbo bado linapinda. Saa mbili nyingine za jua na wangekuwa tayari.

Wingu lilisimama juu ya vilima upande wa mashariki tangu saa saba na nusu. Nililiona. Mama Mizani aliliona, alikuwa anafuta mizani chini ya kivuli. Vijana wawili waliliona, walikuwa wanacheza bao. Mama wawili waliokuwa wanasonga ugali wa wafanyakazi waliliona pia, mmoja akasema, "Hili leo litashuka." Tulikuwa watu sita mwaloni, wote tuna macho. Mimi nilijua vijana wa ulinzi watafunika. Vijana walijua kufunika ni kazi ya akina mama wenye dagaa. Akina mama walijua wenye zamu ya mchana watafunika, na zamu ya mchana hatukuwahi kuipanga. Mama Mizani aliniambia jioni, bila kunilaumu, "Nilikuona umesimama unatazama mbingu, nikajua mratibu ameshatuma watu."

Saa tisa kasoro upepo ukageuka ghafla, turubai moja lililokuwa juu ya banda likaruka. Halafu matone makubwa, yale ya kwanza yanayonukia vumbi. Tukakimbia wote sita kwa pamoja. Maturubai manane yalikuwa yamekunjwa vizuri chini ya kichanja cha tatu, yamefungwa kamba, na kamba ile imekazwa fundo la mvuvi. Nilivunja kucha nikifungua. Tulipofunika kichanja cha nne mvua ilikuwa inamwagika kama mtu anamimina ndoo, na vilivyobaki tukavitazama tu.

Dagaa aliyekauka nusu akinyeshewa haharibiki kama aliye mbichi. Anavimba kwanza. Ngozi inapoteza ule mng'ao, inakuwa kijivu, ukimbonyeza anaacha alama ya kidole. Kesho yake jua likitoka anakauka juu, ndani anaanza kunuka, na tumbo linapasuka. Tulijaribu kuwatenganisha hadi saa mbili usiku kwa tochi za simu. Tumeokoa vichanja vinne vilivyofunikwa na sehemu ya vitatu vilivyokuwa chini ya mwembe. Waliobaki watauzwa kwa mfuga kuku, kwa bei ambayo haifiki hata tuliyolipa mwaloni.

Mama mmoja mwenye mtoto wa kunyonya alikaa kwenye jiwe akawa anakamua dagaa maji kwa kiganja, mmoja mmoja, akimweka kwenye ungo. Nikamwambia mama, acha, hawaponi hao. Akasema, "Najua." Akaendelea.

Jumatano, 2 Oktoba

Kikao chini ya mwembe, saa tatu hadi saa saba. Watu 22 kati ya 24. Naandika kwa urefu kwa sababu leo ndiyo siku niliyoanza kuielewa kazi yangu.

Niliogopa kwamba kikao kitakuwa cha kutafuta mwenye kosa. Usiku nilizungumza na Mama Mwenyekiti tukakubaliana tusiulize kabisa nani alikosea juzi. Tuliuliza maswali matatu, kila mtu kwa zamu, na hakuna aliyeruhusiwa kumkatiza mwenzake: kazi gani unajua ni yako, kazi gani unajua ni ya mwenzako, na kazi gani hujui ni ya nani. Mimi nilikuwa naandika kila kazi kwenye kipande cha karatasi na kukitandaza mkekani mbele ya watu wote.

Mkeka ulisema mambo ambayo mimi kama mratibu sikuyajua. Watu saba walisema kupima ni kazi yao, Mama Mizani akiwemo. Watano walisema wao ndio wanapatana bei na mnunuzi. Wanne walisema wao ndio wanaompa Kaka Fundi maelekezo, na hapo nikaelewa kwa nini vichanja vitatu vina kimo tofauti na vingine: kila aliyepita alimwambia pandisha, shusha. Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Methali tunaijua wote, ila hatukujua kwamba ni sisi. Kukagua wavu kama umelegea, hakuna aliyesema ni yake. Kuangalia hali ya hewa, hakuna. Kufunika, watu 14 walisema ni ya mwenzao, na kila mmoja alikuwa na mwenzake tofauti kichwani.

Baada ya hapo nikaeleza jedwali. Wanaosimamia miradi mikubwa hulitumia: upande mmoja kazi, juu majina, na kila jina linapewa moja kati ya nafasi nne. Kuna mtendaji, anayeishika kazi kwa mikono. Kuna mwenye dhamana, anayejibu kazi ikifanyika au isipofanyika, na mwenye neno la mwisho. Kuna wa kushauriwa, ambaye lazima aulizwe kabla. Kuna wa kupewa taarifa, anayeambiwa baada. Watendaji wanaweza kuwa kumi. Mwenye dhamana kwa kila kazi ni mmoja tu, na hilo ndilo linaloumiza, kwa sababu kila mtu anataka kuweka wawili kwa ajili ya heshima.

Neno lenyewe tulilibishania. Mwanzoni nilisema "mwajibikaji", watu wakasikia adhabu. Siku hizi mtu akiwajibishwa ameondolewa kazini. Mweka Hazina akapendekeza "mkuu", ikaonekana cheo. Mama mmoja aliyekaa sana na wafanyabiashara wa reli akasema dhamana, kama mtu anavyoweka dhamana ya mwenzake: amesema "huyu niachieni mimi". Hilo likapita bila kura.

Halafu Bibi yetu mkubwa, ambaye ameanika dagaa ufukwe huu tangu kabla sijazaliwa, akaomba kusema. Alisema, "Mwanangu, sisi hapa hatujawahi kuandikana majina. Mvua ikija kila mtu anafunika. Leo ukiandika kwamba kufunika ni kwa fulani, siku mvua ikija wengine watakaa wanamtazama fulani."

Kimya kikapita. Nilijua amesema jambo la kweli na sikuwa na jibu. Aliyejibu ni Mama Mizani. Akasema kwa heshima, "Shikamoo bibi. Zamani kila mtu alifunika dagaa wa kwake. Ukimwona mama anakimbia, amekimbilia fungu lake. Juzi wale hawakuwa wa mtu. Walikuwa wa kikundi."

Nilirudi nyumbani na sentensi hiyo. Sisi tulipounganisha mali tulidhani macho nayo yameungana. Kumbe jicho la mwenye mali lilikuwa ndilo linalotazama mbingu, nasi tulipoiondoa mali mikononi mwa mtu mmoja mmoja hatukuweka kitu mahali pa jicho lile.

Kwa hiyo mstari wa kufunika tumeuandika kwa kuchukua maneno ya wote wawili. Watendaji: kila aliyepo mwaloni, bila kuulizwa. Mwenye dhamana: mmoja kwa siku, kwa zamu, jina linaandikwa asubuhi. Kazi yake ni kutazama mbingu, kuhakikisha maturubai yamefunguliwa na kulazwa kando ya vichanja kabla ya saa sita, na kuita. Akiita, hata Mama Mwenyekiti anakimbia. Bibi akauliza, "Hata kama aliyeita ni mtoto?" Tukasema hata akiwa kijana wa miaka 18. Akafikiri, akasema sawa. Zamu hiyo watu wameshaanza kuiita zamu ya mbingu.

Jedwali tumelichora kwenye ubao wa mbao ukutani mwa banda. Kwa kuwa baadhi yetu hatusomi, kila kazi ina picha: turubai, ufunguo, mizani, kalamu, nyundo. Kijana mmoja ana mkono mzuri wa kuchora, nyundo yake inafanana na nyundo ya Fundi mpaka mpini uliofungwa mpira.

Na kwenye muhtasari nimejiwekea sharti: hakuna "vinunuliwe" wala "tutafuatilia". Kila sentensi iwe na jina, tarehe, na kitu kinachoweza kuonekana kwa macho.

Ijumaa, 11 Oktoba

Ubao una siku tisa. Kaka Fundi ananiambia kazi imekuwa nyepesi. Maelekezo anapokea kwa mtu mmoja, Mama Mwenyekiti, na mwingine akimwambia pandisha anamwonyesha ubao. Vichanja 19. Vile vitatu vya kimo tofauti amevirekebisha.

Lakini simu yangu haijapungua. Jana nilihesabu: mara 17, na 12 kati ya hizo zilikuwa kuniuliza jambo ambalo dhamana yake iko kwa aliyepiga. Dada wa Ghala ananiuliza kama afungue banda. Mama Mizani ananiuliza kama akatae beseni lenye mchanga. Nami najibu! Kila ninapojibu, naichukua dhamana yake mfukoni mwake na kuiweka mfukoni mwangu, na kesho atanipigia tena. Tangu leo jibu langu ni moja: "Wewe unaonaje?" Kisha, "Basi fanya hivyo." Mama Mizani aliponisikia mara ya kwanza alinyamaza kidogo halafu akasema, "Nalikataa." Beseni lile lilirudi kwa mwenyewe.

Ijumaa, 18 Oktoba

Mwezi ulipevuka jana, mitumbwi imepumzika, tumekaa tena chini ya mwembe. Mambo mawili ya maana.

La kwanza ni makaimu. Kila mwenye dhamana amemtaja mtu wa kumshikia nafasi akisafiri, akiugua au akifiwa. Ufunguo wa pili wa banda umechongwa, uko kwa Mama Mizani.

La pili limeletwa na Mweka Hazina mwenyewe na nimemheshimu zaidi kwa hilo. Amesema, "Nimechoka kununua, kulipa, kupokea mzigo na kuandika daftari, vyote peke yangu. Siku hesabu ikikosea hata shilingi mia, nani ataniamini?" Alikuwa sahihi, na si kwa usalama wetu tu. Mtu akishika kamba zote, hana shahidi wa uaminifu wake. Tumegawa: anayehitaji kitu anaandika ombi, Mama Mwenyekiti anaidhinisha, Mweka Hazina analipa, Dada wa Ghala anapokea na kuhesabu, na daftari linasomwa mbele ya wote kila mwezi unapopevuka, siku ambayo hakuna kazi ya ziwani. Benki walishatutaka watu wawili wa kutia saini. Kumbe ndani ya banda letu tulikuwa hatujafanya hivyo.

Jumanne, 5 Novemba

Mvua saa nane na dakika kumi. Zamu ya mbingu ilikuwa ya kijana yule mchoraji. Aliita tone la kwanza halijaanguka. Maturubai yalikuwa yamefunguliwa tangu saa nne. Vichanja 21 vyenye dagaa, vimefunikwa 19. Viwili vya juu kabisa havikufikiwa kwa sababu maturubai yalikuwa mafupi na tulikuwa wachache, watu saba.

Baadaye amekuja kwangu na malalamiko. Wakati anaita, wabebaji watatu wa mtumbwi mmoja walikuwa wamekaa kwenye ngazi za banda, aliwaambia wasaidie, wakamjibu kwamba wao si watu wa kikundi na yeye si bosi wao. Wamesema kweli. Dhamana yake inaishia kwetu. Mwaloni kwa jumla kuna BMU. Nimekwenda kwa mzee wao wa ulinzi, nikamsalimu, nikaeleza bila kudai. Amesema wabebaji hawezi kuwalazimisha kufunika dagaa za kikundi, ila wasikae kwenye ngazi za banda letu, hilo atalisimamia. Nimelikubali. Nimemrudishia kijana jibu hilo lilivyo, ili ajue mpaka wa sauti yake uko wapi.

Jumatano, 20 Novemba

Mstari mmoja tumeukosea na tumeufuta. Kwenye kupatana bei tuliweka watu sita wa kushauriwa. Mnunuzi akifika inabidi sita waulizwe, na dagaa hawasubiri. Wamebaki wawili: Mama Mizani kwa ubora, Mweka Hazina kwa bei ya chini tusiyoivuka. Waliotolewa hawakufurahi. Mmoja hajanisalimu tangu jana. Nitamfuata nyumbani kwake, jambo hili halizungumziki kwa simu.

Jumamosi, 30 Novemba

Vichanja 23. Cha 24 kinasubiri nguzo mbili, dhamana ya Mama Mwenyekiti, kabla ya 7 Desemba.

Uchaguzi wa serikali za mitaa ulifanyika Jumatano, tarehe 27, na mtaa wetu umepata mwenyekiti mpya. Yule wa zamani ubaoni tulikuwa tumemwandika kwa jina lake. Kijana alipochukua kitambaa kufuta, tukaona kosa: kwa watu wa nje tuandike kiti, maana anayekikalia leo akiondoka, kesho kitakaliwa na mwingine. Kwa sisi wa ndani jina linabaki, kwa sababu kiti hakikimbii mvua ikija. Mwenyekiti mpya amefika jana, amesoma ubao kwa makini, akauliza yeye yuko wapi. Tumemwonyesha: kwenye eneo la ardhi ni wa kushauriwa, kwenye ujenzi ni wa kupewa taarifa. Angependa ashauriwe kwenye yote. Mama Mwenyekiti amempokea vizuri na kumwambia atamletea jibu baada ya kikao. Dhamana ya jibu hilo ni yake, si yangu, na nimejizuia kusema neno.

Afisa maendeleo ya jamii wa kata ametuletea masharti ya ule mkopo usio na riba unaotoka kwenye asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, kwenye fungu la asilimia 4 la wanawake. Ameuliza nani katika kikundi anafanya nini, na nani atajibu marejesho yakichelewa. Dada wa Ghala akamshika mkono akampeleka ukutani.

Yule mama aliyeninunia amefungua mlango, tumekunywa chai, ameniambia yaliyomuuma. Si ushauri wa bei aliotaka, ni kwamba aliondolewa mbele ya watu bila kuambiwa kwanza. Nimemwomba radhi. Kabla ya kubadilisha mstari wowote, mwenye jina ataambiwa kwanza, peke yake, nami ndiye mwenye dhamana ya hilo.

Kesho ni mwezi mchanga, tunategemea mzigo mkubwa, na mvua za mchana zimeshika. Zamu ya mbingu ni ya Bibi. Ameiomba mwenyewe. Hawezi kukimbia, kwa hiyo kijana mmoja atakaa karibu naye siku nzima, na maturubai yatalazwa tayari kuanzia saa tatu kwa sababu Bibi amesema saa sita ni kuchelewa.